Sinia la Kusikilizia Mahindi

Ukiniuliza nafanya kazi gani, nitakujibu kuwa nafuta vumbi. Majirani watakwambia kwamba mimi na mume wangu tuna mashine ya kusaga chakula cha mifugo hapa Kisauni, na hilo ni kweli, lakini wao hawaamki na vumbi lake kooni. Vumbi la mahindi halina adabu. Huingia kwenye chai, kwenye mikunjo ya buibui, hata kwenye msahafu uliofungwa kwa kitambaa. Saa ya ukutani haikai kwetu. Tumetundika kadhaa, zote zikasimama, na ukizifungua unakuta unga umelala katikati ya meno yake. Simu za mume wangu zilikufa kifo hicho hicho mpaka akaacha kuja na simu kazini. Yangu naiweka ndani ya kopo la biskuti, na nikipigiwa kopo linatetemeka kama lina panya.

Mashine yenyewe si kubwa. Juu ina mdomo wa bati wa kumwagia mahindi, ndani vinyundo vya chuma vinavyozunguka, chini chujio, na pembeni kuna pipa la kuchanganyia. Mahindi yakishasagwa tunayachanganya na pumba ya ngano, mashudu ya alizeti au ya nazi yakipatikana, dagaa, chokaa na chumvi. Kuku wa mayai wana mchanganyiko wao, wa nyama wana wao, na ng'ombe wana wao. Wateja wetu ni watu wa kawaida: mama wa Bombolulu anayefuga nyuma ya chumba cha kupanga, mzee wa Bamburi aliyestaafu akanunua ng'ombe badala ya gari, mpishi wa hoteli moja ya Shanzu ambaye hapendi kununua mayai ya watu. Wote wanataka kitu kimoja, chakula cha leo kiwe sawa na cha juzi. Kuku akibadilishiwa chakula hugoma kutaga, na mwenye kuku akikosa mayai haendi kumlaumu kuku.

Tangu mwanzo tuligawana kazi. Mume wangu alichukua mashine, mimi nikachukua nafaka. Wakati ule nilidhani nimepata sehemu nyepesi. Pwani hatulimi mahindi ya kutosha hata sisi wenyewe, sembuse kuku wetu, kwa hiyo mahindi yetu hutoka bara au huvuka mpaka kutoka Tanzania, na kabla hayajafika huwa yako njiani. Maneno hayo, "yako njiani", nimeishi nayo kwa karibu kuliko nilivyoishi na watoto wangu. Nikimpigia dalali asubuhi, yako njiani. Nikimpigia jioni, yako njiani, mama, usijali. Kuna msimu niliwahi kumuuliza kama mahindi hayo yanatembea kwa magoti. Akacheka sana, kisha akaniambia yako njiani.

Yakifika ndipo kazi ya mume wangu ilipokuwa ikianza, na hapo ndipo alipokuwa bingwa. Tuna sinia kubwa la bati tulilopewa siku ya harusi yetu, limeliwa pilau na watu ambao wengi wao sasa wako makaburini. Lori likiegeshwa, yeye hulichukua sinia hilo, akachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho wenye maghala hukitumia kuchotea nafaka bila ya kufungua gunia. Mahindi hutiririka kwenye kiganja chake. Halafu huyamwaga juu ya sinia kutoka usawa wa kifua, macho ameyafumba. Hindi kavu hulia kwa ukali, kama mvua inapoanza kugonga bati. Hindi lenye maji hulia kwa uzito na hunyamaza mapema. Yeye alisema hindi la namna hiyo lakohoa, na akishasema lakohoa, hakuna dereva aliyemshawishi. Kuna waliomwapia wallahi, kuna waliotishia kutorudi tena. Aliwarudishia gunia lao lililochomwa, akaenda zake kunywa maji.

Kwa hewa yetu hii ya bahari, sikio hilo ndilo lililotuweka mjini. Hindi bichi likiingia ghalani Kisauni halisubiri. Linapata joto, linaota ukungu, na sumu ya ukungu haiishii kwa kuku. Inaingia kwenye yai na kwenye maziwa, na yai huliwa na mtoto wa mtu.

Jambo la pili lililotuweka hapa ni ahadi. Tulipoleta mashine, majirani hawakuitaka, na sikuwalaumu kwa sababu hata mimi nilikuwa siitaki. Msikiti uko nyuma ya nyumba chache tu kutoka kwetu. Wazee wa msikiti walikuja wakakaa na mume wangu, wakakubaliana kwamba mashine itasaga mchana tu, na kila adhana itakapopigwa itanyamaza. Kwa mtu asiyejua mashine hilo ni jambo la kubonyeza swichi. Lakini mashine hii haizimwi ikiwa na chakula tumboni. Ukiizima imejaa, vinyundo hukwama, na kesho yake utashinda unachokoa unga kwa kijiko. Ni lazima kwanza uache kumwaga, uisubiri imalize kilichomo, sauti yake iwe nyembamba, ndipo uzime.

Kwa hiyo mume wangu alijifunza kuusikiliza msikiti kabla haujasema. Muadhini wetu hafuati saa ya mtu, hufuata yake, na siku nyingine huitangulia misikiti mingine, siku nyingine huwa nyuma. Lakini akishika kipaza sauti kwanza hukohoa kidogo, na spika hukwaruza. Mume wangu aliusikia mkwaruzo huo juu ya kelele za mashine, Mungu ndiye anayejua vipi, akaacha kumwaga. Muadhini alipofika takbira ya pili sisi tulikuwa kimya. Miaka mingi ilikwenda hivyo bila ya kukosea. Watu waliacha kutuita wenye kelele. Watoto wa mtaa walikuwa wakisema, mashine ya yule mzee imeingia msikitini.

Nimeyasema haya yote ili uelewe uchovu wangu ulitoka wapi. Haukutoka kwa siku moja. Ulitoka kwa magunia, kwa madalali, kwa kifua kinachonguruma kila msimu wa baridi, kwa watoto waliokwenda Nairobi na Doha na kila wakipiga simu wanauliza, mama, hiyo mashine hamjaiuza tu? Nilikuwa nataka kuiuza. Nilitaka kukaa barazani na nguo safi nikila mabuyu kama wanawake wengine wa rika langu. Mume wangu alikuwa hataki hata kulisikia neno hilo. Mtu huyu alianza kufanya kazi za mashine kabla hajaota ndevu, na nikimtazama siku ya Idi akiwa amekaa na kanzu yake, mikono juu ya magoti, nilimwona kama mgeni aliyesahauliwa na wenyeji wake.

Msimu huo ninaotaka kuusimulia mahindi yaliadimika kila mahali. Bara hakukuwa na kitu na mpakani malori yalikuwa yakilala. Tuliwapunguzia wateja, tukasaga yaliyobaki, mpaka ghala likawa linatoa mwangwi. Kisha siku moja nikiwa Kongowea nanunua dagaa, lori likafika. Niliporudi nilikuta magunia yamepangwa vizuri juu ya mbao, mahamali wameshakwenda, na mume wangu anakunywa chai.

"Ulilisikiliza?" nilimuuliza, nikiashiria ghala.

"Nimelisikiliza."

"Lasemaje?"

"Kavu."

Nilimshukuru Mungu, nikaenda kumwaga dagaa zangu. Baada ya siku chache niliingiza mkono kwenye gunia la katikati kuchukua kiasi cha mzani. Ndani kulikuwa na joto. Lilikuwa joto la kwapani mwa mtoto mwenye homa, na kila mwenye ghala analijua hilo. Nikaingiza mkono kwenye jingine. Nalo vilevile. Nikakaa pale pale sakafuni, sikujali buibui.

Tuliyatoa yote. Tuliita mahamali, tukatandika maturubai uani na mbele ya nyumba, tukayamwaga mahindi juani. Ilikuwa miezi ya upepo wa kusi, wingu linakuja bila ya hodi. Tunayaanika, linakuja wingu, tunayakusanya. Jua linatoka, tunayaanika tena. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo. Yaliyokuwa na rangi ya kijani tuliyachambua, tukayafukia. Alikuja mtu mmoja akasema tumpe, ana mifugo isiyochagua. Nikamwambia hata mimi nina ulimi usiochagua, na aondoke kabla sijauanza. Wengine walinishauri nichanganye, gunia moja baya kwa mazuri kadhaa, hakuna atakayejua. Ndiyo, hakuna atakayejua, hilo ndilo lililonitisha. Yule mama wa Bombolulu alikuwa akiwapa wajukuu zake yai kila asubuhi, na hilo nililijua mimi.

Nilimkasirikia mume wangu kwa hasira ambayo sikuificha. Nilidhani amerubuniwa na maneno ya dereva, au amechoka kuliko anavyokiri, na mtu aliyechoka hukubali kila kitu. Siku ya mwisho ya kuanika, nikiwa nimeinama nazoa mahindi na yeye amenipa mgongo, anakaza nati ya mashine, nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, "Baba, imetosha. Tuiuze."

Aligeuka baadaye kidogo akaniona namtazama.

"Sawa," alisema.

Nilishangaa. Nilingojea kwa miaka neno hilo, na likaja rahisi namna hiyo. Kesho yake asubuhi nikamkuta anaipaka mashine grisi na kunituma ninunue mkanda mpya. Nikanuna wiki nzima. Nilijiambia, huyu anakubali kwa mdomo ili ninyamaze. Kwa kweli mwaka ule wote alikuwa amekuwa mpole mno nyumbani. Kila nililosema alijibu sawa, au inshallah, au vizuri. Baada ya umri wote wa kubishana nilidhani ameanza kunitii, na sitakuficha, nilikuwa nimeanza kuona raha.

Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mlango wetu, kuna mama anayeuza viazi vya karai. Huja kabla ya adhuhuri akamenya viazi, na mpaka magharibi yuko pale. Kwa joto la mafuta huishusha leso yake mabegani, na adhana ikianza huipandisha kichwani. Ni jambo linalofanywa na kila mwanamke wa hapa, mimi mwenyewe nalifanya, hakuna anayelitazama. Siku moja ya wiki hiyo ya kununa kwangu, baada ya adhuhuri, yule mama alikwenda Likoni kwa binti yake aliyejifungua. Aliniaga mwenyewe, akaliacha karai lake limefunikwa kifudifudi juu ya meza.

Alasiri ya siku hiyo nilikuwa ndani nashona midomo ya magunia. Nilisikia spika ya msikiti ikikwaruza, nikangoja mashine ibadilishe sauti. Haikubadilika. Takbira ya kwanza ikaja, nayo mashine inaguguna kama kawaida. Ikaja ya pili. Nilinyanyua kichwa. Mahindi yalikuwa bado yakimwagwa, nilisikia yanavyogonga bati. Ikafika shahada, na adhana yote ikawa inamezwa na sisi, na nje nikaona milango ya majirani ikifunguka mmoja mmoja.

Nilitoka mbio, sindano bado mkononi, nikamshika bega. Aliruka kama nimemchoma. Na hakunitazama mimi. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya viazi. Nami nikatazama alipotazama, nikaliona karai limefunikwa, na hapakuwa na mtu wala leso.

Akaibonyeza swichi palepale, mashine ikiwa imejaa tumbo zima, kitendo alichokuwa akitugombeza sote tusikifanye. Mota ikaguna, ikafa. Muadhini alikuwa anamalizia. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na katika ukimya huo mume wangu akapaza sauti kama mtu anayeita kutoka juu ya mnazi.

"Yule mama yuwapi?"

Kila mtu alimsikia. Hakujua kwamba anapiga kelele.

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, nikamkalisha juu ya gunia la pumba, nikakaa mbele yake. Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani mwangu yenyewe, moja baada ya jingine. Televisheni aliyokuwa akiiongeza sauti mpaka vikombe vinatikisika. Sawa, inshallah, vizuri. Jinsi alivyokuwa akimwaga mahindi kwenye sinia siku hizi huku macho yake yamefunguka. Na lile "sawa" la siku ile, alilolitoa kwa neno ambalo hata halikumfikia.

"Tangu lini?" nilimuuliza, nikiifungua midomo yangu kwa upana.

"Muda," alisema. "Kwanza ulikwenda ule mkwaruzo wa spika. Halafu adhana yenyewe ikaanza kuwa mbali, kana kwamba msikiti umehamishiwa Mtwapa. Nikamwona yule mama na leso yake. Nikamshukuru Mungu kwa leso ile."

"Na lori?"

Alitazama mikono yake. "Nilimwaga mahindi sikusikia kitu. Nikamtazama dereva usoni. Hakuwa na wasiwasi, nikasema basi ni kavu." Akatikisa kichwa. "Nadhani hata yeye hakujua. Yalinyeshewa huko alikoyapakia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniondoa kwenye mashine."

Nilitaka kumwambia hapana, nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Ningemwondoa siku hiyo hiyo, nikafunga mlango, nikaenda barazani. Nililia kidogo, si sana. Nililia kwa huruma na kwa ghadhabu, na ghadhabu ilikuwa kubwa zaidi, kwamba mtu anaweza kulala kando yako mwaka na zaidi akiwa peke yake namna ile, nawe unafurahi kuwa ameacha kubisha.

Baada ya swala imamu wetu alikuja. Ni mtu wa makamo, mwenye maneno machache, na alipiga hodi kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira. Nilimkaribisha, nikamletea kiti. Mume wangu aliitikia salamu kwa kichwa, akalichukua lile sinia la harusi, akaanza kulifuta kwa kitambaa, ingawa lilikuwa safi. Mikono yake ilihitaji kazi.

"Bibiye," imamu alisema, "sikuja kugombana. Miaka yote hii mumetimiza ahadi, na sisi twawashuhudia. Lakini wazee wameniuliza, na mimi nawauliza nyinyi. Huenda mashine hii imefika wakati wake. Mumefanya kazi nyingi. Nawe umechoka, sote twakuona ulivyochoka. Ukisema imetosha, hakuna wa kukulaumu, na msikiti utawasaidia kupata mnunuzi."

Hapo ndipo mlango wangu wa baraza ulipofunguliwa. Sikuhitaji hata kusukuma. Nilikuwa nikiuota mlango huo kila usiku nikijipaka dawa ya mgongo, na sasa umefunguliwa na mtu wa heshima, mchana kweupe, na hata mume wangu asingeweza kuninung'unikia, maana asingesikia ni nani aliyelitamka. Neno moja tu. Nilikuwa nalo mdomoni.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameacha kulifuta sinia, na macho yake yalikuwa yakienda kwenye midomo ya imamu, yakija kwenye yangu, yakirudi. Alijua kuwa anazungumzwa yeye. Akaweka sinia chini.

"Sheikh," alisema, safari hii kwa sauti ndogo mno, kwa kuwa alikuwa anajizuia. "Sikuidharau adhana. Sikuisikia. Nina muda siisikii."

Imamu aliinamisha macho. Mtu wa pwani anaweza kukwambia kuwa hana chakula, hana nyumba, hana afya, na ukapata la kumjibu. Lakini mzee wa kanzu akikwambia hasikii adhana, unabaki na ulimi mzito. Kisha imamu akasema, "La haula," polepole, akanitazama mimi, akingoja.

"Mashine itanyamaza kama ilivyokuwa," nilisema. "Yule mama wa viazi hana haja ya kufanya kazi yetu. Nitakaa mimi pale mbele ya mume wangu, na adhana ikianza nitampa ishara. Kila adhana. Nikiwa sipo, mashine haisagi."

Nilipokuwa nikiyasema nilihisi kila gunia la miaka yote likinirudia mgongoni moja baada ya jingine. Sikuyasema kwa wema. Nilikuwa nimekasirika, na nilimkasirikia zaidi yeye kwa uso ule aliokuwa nao wakati akisubiri. Imamu aliondoka akiwa amemshika mkono mume wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kesho yake tulishinda tunachokoa unga ulioganda kwenye vinyundo, yeye kwa bisibisi na mimi kwa kijiko cha chai.

Tulikwenda hospitali baadaye. Daktari alisema si vumbi, ni kelele, na kilicholiwa na kelele hakitapikwi. Alimpa vya kuziba masikio akiwa kazini, visije vikaisha hata hivyo vijisauti vilivyobaki. Mume wangu alivivaa akasema amefunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuibiwa, akacheka peke yake, kwa sauti ya juu, mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Kwa hiyo sasa siku zangu ziko hivi. Kongowea siendi ila asubuhi mapema, na lazima nirudi kabla ya adhuhuri. Harusi za mchana nimeziacha. Matanga nahudhuria mashine ikiwa imezimwa, na wateja wananung'unika. Mabuyu nanunua nikala hapa hapa, yakiwa na vumbi la mahindi juu ya sukari. Yule mama wa viazi alirudi kutoka Likoni, nikamweleza kila kitu, akashika kifua. "Masikini ya Mungu," alisema, "nami siku nyingine nilikuwa nachelewa kuipandisha, mikono ina mafuta." Siku hizo, nadhani, ndizo ambazo mume wangu alikuwa akinyamaza kwenye takbira ya tatu badala ya ya pili, nasi tukadhani anazeeka.

Juzi lori lilikuja. Dereva alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, anaruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama vizuri.

"Mzee, hii mahindi iko sawa kabisa," alisema. "Kavu. Si ushukishe tu, nina safari."

Mume wangu hakumtazama hata kidogo. Alilichukua sinia, akachoma gunia kwa bambo, akajaza kiganja. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya sinia, mahali pangu pa siku hizi. Akamwaga. Macho yake hayakuwa kwenye mahindi, yalikuwa usoni mwangu. Mimi ndiye niliyefumba yangu. Nilisikiliza, na sikio langu si zuri kama lilivyokuwa lake, lakini nimeishi na sauti ile maisha yangu yote na kumbe nilikuwa najifunza. Mahindi yalianguka kwa uzito, yakanyamaza mapema. Nikafumbua macho, nikatikisa kichwa kidogo tu, dereva asione.

Mume wangu akamgeukia dereva.

"Rudisha," alisema. "Lakohoa."

"Ai, mzee!" dereva alisema. Alilipiga gunia teke, akatazama juu, akaona hakuna njia. "Huyu mzee ana masikio ya paka."

Sikumtafsiria. Mume wangu aliona kijana anacheka, akacheka naye, akalipangusa sinia na kulirudisha kwenye msumari wake. Tulibaki bila ya mahindi mapya, ikabidi nimpigie dalali, aniambie yako njiani.

Mume wangu alikuwa amerudi kwenye mashine spika ya msikiti ilipokwaruza. Niliipandisha leso yangu. Aliniona, akaacha kumwaga yale machache yaliyokuwapo, akaisubiri mashine imalize, akazima. Wakati mwingine hapo nilikuwa nikiondoka kwenda kutia maji ya udhu. Lakini siku moja, mwanzoni, nilimkuta amekaa katika ule ukimya akitazama ukuta, na nikakumbuka kuwa mtu akiisikia adhana huijibu neno kwa neno, na kwamba yeye sasa hajui imefika wapi. Ndiyo maana siondoki. Nakaa mbele yake, vumbi likishuka juu yetu taratibu, na muadhini akitamka natamka pia, kwa midomo tu, bila ya sauti. Anaitazama midomo yangu na kuijibu. Nimechoka, Mungu ananiona nilivyochoka, na kila neno nalitamka polepole, asiachwe nyuma.